Jeti za kabureta kwa pikipiki ya zamani: uanze na ipi, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela fungua bakuli la kabureta, toa jeti zote mbili, kubwa na ndogo, vile vishaba vyenye kitundu vinavyopima petroli, uzitazame kwenye mwanga. Mi Honda CG125 yangu ilinisumbua wiki mbili, haikai sailensa (kule kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta), ukiachia mafuta tu inazima, duka moja wakaniuzia jeti kubwa mpya na nikarudi tena wakaniuzia nyingine, kumbe jeti kubwa wala haihusiki hapo, hiyo inaongoza ukizungusha mkono wa mafuta kuanzia kama robo tatu mpaka mwisho, sailensa ni ya jeti ndogo na katikati ni ya sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Nilivyoinua ile ndogo kwenye mwanga sikuona kitundu, petroli ilikaukia ndani ikawa kama gundi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni hiyo hiyo uliyonayo. Iloweke kwenye kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta), pulizia upepo wa kompresa, basi. Ila usikubali fundi achokoe na waya, jeti ni shaba laini alafu ile ndogo ikiandikwa 38 ya Keihin maana yake tundu ni milimita 0.38, ukikwangua kidogo tu umeshapata namba nyingine ambayo hata we mwenyewe huijui.

Namba mbili, jeti orijino unayonunua moja moja. Hapa ndo pa kuweka hela kama tundu limeshapanuka, au umebadili ekzosi, au umetoa klina ya hewa (we nani alikutuma lakini). Nenda na ya zamani mkononi, iwe Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, ulinganishe uzi na urefu, chukua namba ile ile na moja ya juu na moja ya chini. Na usichanganye kampuni, Keihin 100 ni tundu la milimita 1.00, ila Mikuni zile za pembe sita namba inahesabu mafuta yanayopita kwa dakika, so 100 na 100 sio ndugu hao.

Kujua ipi inafaa soma plagi. Tafuta barabara ndefu iliyo wazi, vuta mafuta yote kama dakika moja, alafu zima injini huku umekamata klachi, usiiache ijikokote kwa sailensa, simama ufungue plagi. Rangi ya chai ya maziwa umepatia. Nyeusi yenye masizi shusha namba. Nyeupe pandisha haraka, maana ikipungukiwa mafuta inachemka mpaka pistoni inaungua, na kwa Yamaha DT za tustroki pistoni inashika, inakwama kabisa ukiwa mwendo kasi. Ila ikiwa nyeupe kagua kwanza mpira wa manifoldi unaounganisha kabureta na injini, ukiwa na ufa inavuta hewa pembeni na utanunua jeti mpaka uchoke. Wa Dar anayehamia Mbeya hewa huko ni nyepesi, ile ile iliyokaa vizuri itaanza kutoa moshi mweusi, shusha kidogo.

Tatu ni zile pakiti za jeti kumi za Kichina. Za kujaribia sawa, unapata uelekeo, ila matundu mengine hayafanani na namba iliyopigwa, nimewahi kukuta 105 inapitisha mafuta kidogo kuliko 100.

Nne, kabureta nzima mpya. Nunua kama ya zamani imelika njia ya slaidi (kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta), hapo jeti haisaidii kitu. Hakikisha koo, yaani tundu la kupitisha hewa, halizidi la zamani na jua bado utarekebisha jeti.

Ya mwisho kabisa ni jeti iliyotobolewa na drili gereji, hata wakikupa bure waachie.

Ukiwa dukani chukua na oringi ya bakuli, ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja, ya zamani ukishaifungua inavimba haiingii tena kwenye mfereji wake na petroli itadondokea kwenye injini ya moto.