Core i7-4790 ya mtumba kwenye Dell OptiPlex 7020: inalipa au hailipi?

Nianze na jibu, maana wengi mtasoma hapa mkiwa mmeshatumiwa picha ya prosesa (ubongo wa kompyuta) WhatsApp na muuzaji wa Dar anawasubiri: "Vipi bosi, nifunge mzigo?" Kama kompyuta yako ya mezani ina i3 ya kizazi cha nne na kazi yako ni video, i7-4790 inalipa. Kama una i5-4590 na kazi ni Word, Excel, kuprinti na kuingia mtandaoni, hela hiyo peleka kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM (kumbukumbu ya kazi). Na kama huna kompyuta kabisa, usianze kukusanya vifaa kwa kuifuata prosesa iliyoshushwa bei.

Mashine ninayoizungumzia ni OptiPlex 7020 yenye kasha la kusimama, inayofanya kazi ya steshenari hapa Tabora mjini: kuprinti, picha za paspoti, kukata video za harusi na kipaimara, na kupunguza ukubwa wa video ili ziingie kwenye flashi au zitumike kwa simu. Ilikuja na i3-4150, yenye kori 2 (sehemu zinazofanya kazi) na thredi 4 (kazi zinazoshikwa kwa mpigo). Nimeiwekea i7-4790 iliyotumika, kwa shilingi 90,000. Ukijumlisha nauli ya mzigo na pesti ya kupitisha joto, laki na ishirini haikufika.

Kwenye karatasi, i7-4790 ni prosesa ya mwaka 2014: kori 4, thredi 8, mwendo wa kawaida 3.6 GHz na ikijikaza inafika 4.0, kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 8, joto la wati 84. Ile i3 ni 3.5 GHz bila uwezo wa kujikaza, kashe ya MB 3, wati 54. Angalia vizuri hapo, maana ndipo watu wanapopotea. Kwa kori moja moja, 3.5 na 4.0 hazijaachana sana. Tofauti kubwa iko kwenye idadi ya kori.

Ndiyo maana matokeo hayalingani. Video ya harusi ya 1080p niliyoipunguza kwa HandBrake, programu ya kupunguza video, ilikuwa inakula kama dakika 40 kwenye i3. Sasa inamaliza chini ya 20. Kwenye i5-4590, yenye kori 4 bila thredi za ziada, kazi hiyohiyo inakaribia dakika 25. Kwa hiyo kutoka i5 kwenda i7 unanunua dakika chache tu, na mimi nisingetoa 90,000 kwa dakika hizo labda kama harusi zinakuja kila wiki. Photoshop ya picha za paspoti? Sikuona la kumwambia mtu. Kuprinti PDF ni vilevile, hapo anayesubiriwa ni printa. Kuwaka kwa Windows kunategemea diski. Mtu aliye bado na diski ya kuzunguka akaweka i7 ataendelea kusubiri kama zamani. Mpangilio wangu kwa mashine hizi ni SSD ya SATA kwanza, RAM ifike GB 8 kwa vijiti viwili badala ya kimoja, halafu ndiyo tuzungumze prosesa.

Sasa soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, kwa sababu neno "i7" peke yake halisemi chochote. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa kwenye LGA 1155. Cha nne ni LGA 1150. Cha sita na cha saba ni 1151, na cha nane na cha tisa pia ni 1151, lakini i7-8700 ukiipachika kwenye mazabodi (bodi kuu) ya kizazi cha saba inaingia na mashine haiwaki. Cha kumi na cha kumi na moja ni 1200, halafu 12 hadi 14 ni 1700. OptiPlex 7020 ina chipseti ya Q87 na inaipokea i7-4790 bila kuguswa baiosi, ile programu ya kuwashia mashine. Mashine za mwaka 2013 kama OptiPlex 9020 zenyewe zaweza kuhitaji baiosi mpya kwanza, na hiyo kazi usiifanye bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika baiosi, umebaki na kasha la chuma.

Angalia pia herufi ya mwisho. i7-4790S ni ya wati 65, 4790T ni ya wati 45 na mwendo wake uko chini zaidi. Wauzaji huzitangaza zote kama "i7-4790" tu. Ile yenye K huwezi kuiongeza mwendo zaidi kwenye Dell ya ofisini, kwa sababu baiosi yake haikuachii. Kuna pia Xeon, prosesa za seva za Intel, za jamii ya E3 v3 zinazouzwa rahisi zaidi. E3-1231 v3 haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mbovu.

Kwa Tabora prosesa tupu kuipata dukani ni bahati, mara nyingi inaagizwa Dar na kuja na basi. Kabla ya kulipa, omba picha ya kichwa cha prosesa iliyo wazi kiasi cha kusomeka. i7-4790 halisi imeandikwa SR1QF. Ukiona maneno "Intel Confidential" pamoja na namba inayoanza na Q, hiyo ni sampuli ya majaribio. Mwendo wake unaweza kuwa tofauti na baiosi inaweza kuikataa. Omba na picha ya upande wa chini. Katikati kuna kapasita ndogondogo zilizopangwa kwa safu. Moja ikiwa imeng'oka, achana nayo. Vidoa vya dhahabu vikiwa na weusi wa kuungua, achana nayo pia. Vumbi au pesti iliyomwagikia pembeni si tatizo, inasafishika. Kisha muombe video fupi ya CPU-Z, programu ya kutambua prosesa, ikiwa inasoma jina na kori 4, thredi 8, na mkubaliane siku za kujaribu baada ya mzigo kufika stendi. Prosesa ya Intel haifi ovyo ikitunzwa. Inaharibiwa na usafirishaji: kusokotwa kwenye karatasi ya risiti na kutupwa chini ya boksi la mtu mwingine. Sisitiza kasha la plastiki.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Washa mashine dakika kama kumi ipate joto ili pesti ya zamani ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza chaji iliyobaki. Chomoa plagi ya feni. Fungua skrubu nne za hitisinki (kile chuma cha kupoza prosesa) kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha izungushe taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinua. Nyanyua mkono wa soketi, fungua mfuniko, toa i3. Kwenye LGA pini ziko kwenye soketi, nyembamba kuliko ncha ya sindano. Usizifute, usizipulizie kwa mdomo, usiziguse. Pembetatu ndogo ya kwenye kona ya prosesa ilingane na ya soketi, viingilio viwili vya pembeni vikae mahali pake, iachie ikae kwa uzito wake, kisha funga mfuniko na mkono wa soketi. Futa pesti kavu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya ya ukubwa wa punje ya choroko inatosha, hitisinki itaitandaza yenyewe. Rudisha skrubu kwa mshazari vilevile, na plagi ya feni.

Usawa wa skrubu nausisitiza kwa sababu moja. Ukikaza upande mmoja sana, au pini moja ikiwa imelala, mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa lakini RAM ya GB 8 ikasomeka GB 4. Fundi wa haraka atakuambia kijiti kimekufa. Kabla hujanunua kijiti kipya, legeza hitisinki, ikaze upya kwa usawa, angalia tena. Na mashine ikigoma kuwaka, hesabu milio: Dell huitumia kuonyesha kama tatizo ni RAM, betri ya mazabodi au prosesa. Betri hiyo ya CR2032 badilisha hapohapo ukiwa umefungua, ni shilingi chache. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma na kila tovuti ya benki au ya serikali inasema muunganisho si salama, mtu anaanza kulaumu prosesa mpya.

Joto ndilo la kulisimamia. Kutoka wati 54 kwenda 84, kwa chumba cha Tabora mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, si jambo dogo. Hitisinki za Dell hazifanani: nyingine ni alumini tupu, nyingine zina shaba. Yenye shaba ndiyo inayoifaa i7. Endesha HWiNFO, programu ya kusoma joto, huku HandBrake ikifanya kazi kwa nusu saa. Yangu inatulia karibu na nyuzi 80, naikubali. Ikigusa 100, prosesa inajipunguzia mwendo kujiokoa, na hapo umelipia i7 unapata i5. Vumbi la kiangazi hapa linaziba mapezi ya hitisinki hadi unadhani limepigwa plasta. Pulizia blowa kila baada ya miezi miwili mitatu, na shika feni isizunguke wakati unapuliza.

Umeme usikutishe. Tofauti ya wati 30 kwa saa nne za kurenda (kutengeneza video) ni uniti 0.12, kwa bei ya kawaida ya LUKU ni kama shilingi 40 na kitu kwa siku, na kazi inaisha mapema zaidi. Pawa saplai ya wati 290 ya kasha hilo inatosha.

Kuna mambo i7 hii haiyatibu. Picha yake ya ndani, HD 4600, haina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya biti 10 wala VP9, miundo mipya ya kubana video. Muvi za x265, yaani HEVC, za 1080p zitacheza kwa nguvu ya kori, ila za 4K zitakatakata. Kwa YouTube, kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari, kinachoomba video ya muundo wa zamani, kinasaidia.

La pili ni Windows. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), wakati OptiPlex 7020 ina TPM 1.2. Programu ya Rufus inaweza kukuwekea 11 kwa mlango wa nyuma na inafanya kazi, ila masasisho makubwa ya kila mwaka huenda ukayafanya kwa mkono tena. Kwa steshenari inayotunza nyaraka za wateja, hili ni zito kuliko kasi ya HandBrake. Linux Mint ni njia nyingine, kama Photoshop si ya lazima.

Kwa hiyo piga hesabu ya mashine nzima. Prosesa, SSD na RAM vikifika nusu ya bei ya kompyuta iliyotumika yenye i5-8500, simama hapo. i5-8500 ina kori 6, wati 65, RAM ya DDR4, inafungua HEVC ya biti 10 na VP9 bila jasho, Windows 11 inaikubali, na kwenye kurenda inaipita i7-4790. Vivyo hivyo i7-7700K mpya ya boksi yenye bango la punguzo: i3-12100 ya juzi juzi, kori 4 thredi 8, inaishinda. Wenye bahati ni wenye mazabodi ya AMD, mshindani wa Intel, ya soketi ya AM4 kama B450. Hao Ryzen 5 5600 iliyoshushwa bei inawafaa sana, kwa sharti baiosi isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na wawe na kadi ya picha, kwa kuwa 5600 isiyo na G haina sehemu ya kutoa picha ndani yake.

Ile i3 iliyotoka, dukani watakupa elfu kumi na kitu. Mimi singeiuza. Ifunge kwenye kasha la plastiki lililokuja na i7 uiweke droo. Siku mashine ikigoma kuwaka, kuipachika kwa dakika kumi kutakuonyesha kama kilichokufa ni prosesa au mazabodi, kabla hujamlipa fundi wa kubahatisha.