Koleo la magurudumu au koleo la fundi? Vifaa vya mozaiki kwenye meza ya chakula

Karibuni sana. Mezani leo kuna makoleo mawili, gundi tatu, mfuko wa grauti, ile saruji ya kujazia nafasi kati ya vipande, na beseni la vigae vilivyobaki ujenzini. Tunatafuta jibu la swali moja: mtu anayetaka kutengeneza mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae na vioo vilivyobandikwa, nyumbani, kwenye meza ile ile ambayo saa moja jioni itaandaliwa wali, pesa yake aipeleke wapi? Kwa wenye haraka, jibu ni hili: weka pesa kwenye koleo na kwenye gundi. Vipande usinunue, vimejaa kila panapojengwa nyumba.

Na lile boksi la vifaa vya mozaiki linalouzwa mtandaoni, la "kila kitu kimo ndani", lenye gramu 200 za vioo? Pima kwanza. Gramu hizo 200 za vioo vya sentimita 2 kwa 2 ni vipande kama 60, kwa sababu kimoja kina gramu 3 na kidogo. Ukivipanga pamoja na nafasi zake umefunika kama nusu ya karatasi ya A4. Sinia la chai halijai! Ukivitaka vioo hivyo hasa, ulizia wauzaji wa vigae vya mabwawa ya kuogelea. Huko vinauzwa vimebandikwa kwenye karatasi, na karatasi moja ya sentimita 32.7 kila upande ina vioo 225. Boksi tumelimaliza.

Sasa makoleo, na hapa tutakaa.

Hili la kwanza ndilo la mafundi wa vigae. Mdomo wake ni mnyoofu, umebandikwa vipande vya kabaidi, ile metali ngumu inayowekwa kwenye ncha za biti za kutobolea zege. Lielewe vizuri: hili halikati, linamega. Ukiuingiza mdomo wote hadi katikati ya kigae na kubana kwa nguvu, kigae kitapasuka kinavyotaka chenyewe, na utalaumu koleo. Ng'ata ukingoni tu, milimita 3 hadi 5, mkono ukiwa mwisho kabisa wa mpini. Mkono ukisogea karibu na mdomo unabana sana na hupati nguvu, na baada ya nusu saa kiganja kinaanza kuuma. Ufa unaelekea kule mdomo ulikoelekea, kwa hiyo geuza koleo, usigeuze kigae. Kwa vipande vya ovyo ovyo vya kujazia mandhari ya nyuma, koleo hili linatosha kabisa. Ukitaka jani lenye ncha, au jicho la samaki, litakutesa.

La pili lina magurudumu mawili madogo ya kabaidi yanayotazamana, kipenyo kama milimita 22. Nasogeza kamera karibu. Kioo kinaingia hadi nusu ya gurudumu, si zaidi. Vidole viwili vya mkono wa pili vinashika upande unaotaka ubaki. Bana taratibu... tk! Umesikia? Mlio mmoja, mkavu, na kioo kimegawanyika kwenye mstari unaounganisha magurudumu. Ukisikia mlio wa kusagika, kioo hakikukaa sawa au gurudumu limekuwa butu. Duara nalo halikatwi kwa mkupuo: toa pembe nne zibaki nane, kisha tafuna kidogo kidogo huku ukizungusha kipande.

Kasoro zake ninazo tatu. Kwanza, magurudumu haya hayazunguki wakati wa kazi. Yamekazwa kwa skrubu, kwa hiyo sehemu ile ile ndiyo inayokata kila siku mpaka inaisha makali. Watu wanafikia hapo wanatupa koleo zima, kumbe gurudumu lina ukingo mzima ambao haujaguswa. Siku ya kwanza tu weka alama kwa kalamu ya wino mahali magurudumu yanapokaribiana. Likiwa butu, legeza skrubu kwa ufunguo wa pembe sita, zungusha milimita 2 au 3, kaza tena. Pili, skrubu hizo hulegea zenyewe, na magurudumu yakipishana hata kidogo mkato unainama. Zikague kila unapoanza. Tatu, vigae vinene haliviwezi. Kioo cha milimita 4, sawa. Kigae cha ukutani cha milimita 6, sawa. Posileni, kile kigae kigumu cha sakafuni, ya milimita 8 au zaidi itakula kabaidi na mkono wako.

Utajuaje kigae ulichookota ni cha aina gani? Kigeuze, dondoshea tone la maji mgongoni. Kama hivi. Hiki cha kwanza tone limenywewa, limebaki doa tu: ni cha ukutani, udongo wake una vitundu, koleo linakipenda. Hiki cha pili tone limekaa juu kama lulu. Hiyo ni posileni, ambayo kwa viwango hainywi hata asilimia 0.5 ya uzito wake. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kukatia, akutolee mistari ya upana wa sentimita 2, kisha nyumbani umalizie kwa koleo la fundi. Au ifunge ndani ya gunia na uipige nyundo, ukubali itakachokupa.

Sahani na vikombe vilivyovunjika koleo la magurudumu linavikata vizuri, isipokuwa ule ukingo wa chini wa sahani, ambao ni mnene na umepinda, uweke pembeni. Kwetu pwani jambo hili si geni: makaburi ya nguzo ya Mambrui na ya Kunduchi yalipachikwa vyombo vya kaure vya Uchina karne kadhaa zilizopita, tena vizima vizima.

Kama ni koleo moja tu, basi ni la magurudumu. Na miwani ya kinga inakuja nalo, hilo halina mjadala. Kata vipande ukiwa umeingiza mikono ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu vibanzi vya kioo vinaruka mita mbili na nyumbani kuna watoto wanaotembea pekupeku. Ukimaliza usifagie kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha pita na selotepu, upande wa gundi ukiwa chini.

Tuje kwenye gundi. Hii nyeupe ya mbao ni rahisi, inakupa dakika kadhaa za kusogeza kipande, na ikikauka haionekani. Kwa picha ya kutundika sebuleni, ichukue bila wasiwasi. Lakini maji ni adui yake: chai ikimwagika na kukaa, gundi inarudi kuwa nyeupe na laini, na vipande vinaanza kucheza. Pia inakauka kwa kunyonywa maji yake. Ukibandika kioo juu ya kioo, maji hayana pa kwenda, unaweza kukaa wiki nzima katikati bado ni mbichi.

Hii ya unga, gundi ya vigae yenye saruji, ndiyo ya sinia, kiti, chungu cha maua na kitu chochote kitakachoona maji. Tia maji kwanza, kisha unga, koroga hadi ukiinua mwiko gundi isimame isitiririke. Iache dakika 10, koroga tena bila kuongeza maji. Paka eneo la ukubwa wa kiganja tu, unene wa milimita 3. Kwenye joto letu inaanza kutengeneza ngozi juu kabla ya dakika 20. Iguse: kama haichafui kidole, imekufa, ibandue upake nyingine. Ukibandika juu ya ngozi hiyo kipande kitaonekana kimeshika, kisha siku ya kusugua grauti kitang'oka na sponji. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya vipande kubanduka, wala si ubora wa gundi.

Silikoni ni ya vipande vya kioo cha kujitazamia tu. Chukua isiyo na asidi. Ile inayonuka kama siki inakula rangi ya fedha ya nyuma, na baada ya miezi unaona madoa meusi yakitambaa kutoka pembeni.

Chini ya yote iwe plaiwudi ya milimita 12. Chipubodi na MDF, zile mbao za chembe na unga wa mbao uliogandamizwa, vinavimba vikinusa maji. Changanya kipimo 1 cha gundi nyeupe na 4 vya maji, paka pande zote mbili za ubao pamoja na kingo. Ukipaka upande mmoja tu ubao unapinda. Ikikauka, chora mistari ya kukingamana kwa kisu ili gundi ipate pa kushika. Kazi ya kukaa nje kwenye mvua usiiweke juu ya mbao kabisa, mimina bamba la zege.

Meza ya chakula inaachwaje huru? Kazi yote ikae juu ya ubao mmoja wa sentimita 50 unaoingia chini ya kitanda, na vipande vilivyokatwa vikae kwenye makopo ya siagi kwa rangi zake. Kukata na kupanga unaweza kukatiza wakati wowote, hata sufuria ikichemka. Gundi ya unga unachanganya nusu kikombe tu, ya nusu saa. Grauti ndiyo haikatizwi. Hiyo itafutie saa moja na nusu mfululizo, angalau saa 24 baada ya kubandika kipande cha mwisho. Kabla gundi haijakauka, itoe iliyopanda kati ya vipande kwa kijiti cha meno, la sivyo itachungulia katikati ya grauti.

Vipimo kwa duara la sentimita 40 lenye nafasi za milimita 3: nusu kilo ya gundi ya unga, na nusu kilo ya grauti. Nafasi zikizidi milimita 3, chukua grauti yenye mchanga. Saruji nyeupe peke yake, ambayo wengi wanaikimbilia, inasinyaa ikikauka na kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Ukiwa huna nyingine, ichanganye nusu kwa nusu na mchanga laini wa mto uliochekechwa. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi hiyo itatoka juu kama unga mweupe kila hewa ikiwa na unyevu.

Rangi? Nyeupe inakula macho: unaona mistari kabla ya picha. Kijivu iliyokolea inavifanya vipande vishikane, rangi zinawaka. Kijivu, basi.

Vaa glavu, saruji inachoma ngozi taratibu bila kukuambia. Sukuma grauti kwa mshazari ijae hadi chini. Subiri dakika 15 hadi 20, pangusa kwa sponji iliyokamuliwa hadi haidondoshi. Hapa mikono mizito ndipo inapoharibu: sponji yenye maji inachimba grauti na kuacha mabaka yaliyopauka. Utando mweupe utakaobaki juu ya vioo uondoe kwa kitambaa kikavu kesho yake. Funika kazi kwa nailoni siku 2. Ikikauka haraka karibu na dirisha inabaki unga unga, unaisugua kwa ukucha inatoka.

Ndoo ya kuoshea usiimwage kwenye sinki, grauti itaganda ndani ya bomba. Iache usiku kucha itulie, asubuhi mwaga maji ya juu nje, tope la chini lifunge kwenye gazeti liende na taka. Na sinia lisipewe chai kabla ya siku ya 7.