Asidi ya salisiliki 30% kwa madoa ya chunusi: tathmini yangu ya maandalizi

Huduma ninayoizungumzia ni kuchubua uso kwa asidi ya salisiliki 30%, kwenye ngozi nyeusi yenye madoa ya chunusi. Naipa nyota nne kati ya tano, na karibu zote nazitoa kwa wiki nne za maandalizi. Asidi yenyewe hukaa usoni dakika 3 hadi 5 tu.

Ngozi yetu ikichokozwa hujibu kwa weusi. Anayeingia na uso uliobabuliwa na jua au chunusi mbichi anaweza kutoka na madoa mengi kuliko aliyokwenda nayo. Ndiyo maana losheni ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, huanza mapema. Kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, hiyo ni ya uso na shingo. Chini ya hapo unajidanganya. Napendelea yenye rangi ya ngozi: oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaotia weusi, na haikuachi umepauka.

Usiku hupakwa tretinoini 0.025%, krimu ya jamii ya vitamini A, kiasi cha punje ya njegere, uso ukiwa mkavu. Isimamishwe siku 7 kabla, la sivyo asidi huzama kupita kiasi, hasa pembeni mwa pua na mdomo.

Linalofichwa sana ni mkorogo. Krimu zenye klobetasoli, yaani steroidi kali, hupunguza unene wa ngozi, na asidi ikiikuta hivyo huunguza kwa mabaka. Ukiziacha ghafla nako uso huwaka na kutoa vipele, kwa hiyo ziachwe chini ya uangalizi wa daktari, hata kama tarehe itasogezwa kwa miezi. Peleka kopo lenyewe akalisome. Mtajie pia mimba, mzio wa aspirini, vidonge vya chunusi vya isotretinoini, na malengelenge ya mdomoni yanayorudi rudi. Kwa hayo ya mwisho huanzishiwa aciclovir, dawa ya virusi, kabla.

Wiki ya mwisho hakuna waksi, kutinda nyusi, dawa ya nywele wala singo. Mabibi harusi, nawasihi: kipindi cha mwisho kiwe mwezi mzima kabla ya shughuli. Ngozi huanza kubanduka siku ya pili au ya tatu na huweza kuendelea wiki nzima.

Nyota niliyoikata ni ya jaribio. Kabla ya huduma walitia tone la asidi nyuma ya sikio wakasoma majibu baada ya siku mbili. Siku mbili zinatosha kuonyesha mzio au kuungua, lakini weusi huchelewa. Dai angalau wiki mbili.

Siku yenyewe nenda bila vipodozi. Uso hufutwa mafuta kwa spiriti, kwani mafuta yakibaki asidi hushika hapa ikaruka pale. Pembe za macho, pua na midomo hupakwa vaselini. Unga mweupe ukitokea usitishike, ni chembe za salisiliki zilizobaki spiriti iliyoyeyushia asidi ilipokauka, na huoshwa kwa maji. Weupe wa TCA, asidi nyingine ya kuchubua, ni mambo mengine: pale protini za ngozi ndizo zilizoganda. Mwasho ni mkali dakika mbili za mwanzo. Omba feni ya mkononi.