Meli ya matanga inayokwenda kwa injini: uzoefu wangu Adriatic

Niseme mapema ili nisije nikaonekana mlalamishi wa kila kitu: meli yenyewe ni nzuri, jikoni wanaijua kazi, na mabaharia wa sitahani ni watu wa adabu. Kilichonikera ni kimoja tu, na ndicho hasa nilichokilipia. Nililipia matanga, nikapewa injini.

Safari ni ile ya mwisho wa kiangazi, inayoanzia Corfu, Ugiriki, na kupanda Bahari ya Adriatic: Kotor, Dubrovnik, Korčula, Hvar, Rovinj, halafu Venice. Jina la kampuni silitaji. Vipimo vya meli na orodha ya vyakula mtavikuta kwenye matangazo yao. Mimi nataka kuzungumzia upepo, kwa sababu wao katika kitabu chote cha picha walichonitumia hawakuutaja hata mara moja.

Kiangazi Adriatic ina upepo wake wa kila siku, wenyeji wanauita maestral, nao unatoka kaskazini-magharibi. Asubuhi bahari ni shwari. Upepo unaanza kuamka mnamo saa 4 au saa 5, unapata nguvu saa 8 hadi saa 10 alasiri, na jua likizama nao unalala. Sasa iangalie ratiba: meli inafika bandarini asubuhi, abiria wanazunguka mji mchana kutwa, jioni inang'oa nanga na kusafiri usiku. Saa zote zenye upepo meli imetulia, na saa zote za safari upepo haupo. Isitoshe, kutoka Corfu kwenda Venice unaelekea kaskazini-magharibi, yaani unauendea upepo usoni. Matanga ya mraba ya mlingoti wa mbele hayawezi kuukaribia upepo sana. Ukielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ndani ya nyuzi 60 hivi kutoka upepo unakotoka, yanakuwa mzigo tu. Meli ingebidi iende kwa kubisha, mara huku mara kule, na mwendo wa usiku mmoja ungekula usiku na mchana. Kwa hiyo aliyeipanga ratiba hii alijua akiwa ofisini kwake kwamba meli itakwenda kwa injini. Akaiuza kama safari ya matanga.

Ukweli huu niliuona kwa macho tulipokuwa tunaondoka Dubrovnik. Jioni ilitangazwa kwamba matanga yatatwekwa. Muziki ukafunguliwa kwa sauti, watu wakapewa vinywaji, simu zote juu. Matanga ya mraba yakafunguka kwa mitambo kutoka kwenye foromali, ile miti ya kulala iliyokatiza mlingoti, yale ya pembe tatu yakapandishwa, na kwa kweli yalipendeza. Lakini tazama kwa karibu. Kamba za demani, zile zinazovuta pembe ya chini ya tanga, zilikuwa zimelegea kiasi kwamba zilipiga sitaha. Upepo mwembamba uliobaki ulikuwa unatoka mbele, na kasi ya injini ikauongeza, kwa hiyo matanga hayakujaa hata kidogo: yale ya mraba yaligeuzwa kinyume yakalala kwenye mlingoti, na ya pembe tatu yakawa yanapigapiga. Tanga linalopigapiga hivyo linajiua lenyewe. Kitambaa kinachoka kwanza ukingo wa nyuma, halafu mishono, halafu pembe inapofungwa demani. Jahazi lolote la Pwani, nahodha akiliona tanga lake hivyo, atamfokea baharia kabla hajauliza kitu. Hapa watu walikuwa wanapiga makofi.

Watu walipoingia kula, matanga yakakunjwa. Nikamwendea msimamizi wa shughuli za abiria, aliyekuwa amesimama karibu na baa, nikamuuliza kwa upole kabisa: kesho mchana, maestral ukiamka, tutazima injini hata kwa saa mbili? Hakunitazama. Akasema, “Bwana, matanga ni ya kupigia picha. Picha umepiga?” Nikamwambia sikuuliza habari za picha. Akanijibu kwamba mwenye kutaka upepo akakodi mashua, na kwamba baa iko wazi mpaka usiku wa manane. Halafu akanipa mgongo.

Sijalisahau jibu hilo. Meli kuwasha injini naweza kulielewa. Bandari zina zamu, rubani wa bandari anayeongoza meli kuingia akipangwa saa 12 asubuhi hawezi kusubiri upepo. Ila kumcheka mteja kwa sababu ameuliza habari ya kile mlichomuuzia, hapana. Mtu huyo ndiye sura ya kampuni kwa abiria. Kama yeye anaona matanga ni pambo, basi kampuni inaona hivyo.

Kwa wasafiri wengine, kujua kama kweli mnakwenda kwa upepo ni rahisi na huhitaji kumuuliza mtu. Mchana, tazama sehemu ya mbele ya meli. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, kanuni ya 25, zinataka chombo kilichotweka matanga huku kinasukumwa na injini kitundike umbo la koni, ncha ikiwa chini, mahali linapoonekana vizuri. Jioni ile Dubrovnik jua lilikuwa bado halijazama, matanga yako juu, injini inanguruma, na koni haikutundikwa. Usiku tazama taa. Chombo kinachokwenda kwa matanga peke yake huwasha nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe tezi, yaani nyuma. Ile nyeupe ya juu ya mlingoti, inayomulika mbele, ni ya chombo cha injini, na meli inayofika urefu wa mita 50 inabidi iwe nazo mbili, ya nyuma ikiwa juu zaidi. Usiku baada ya usiku niliinua macho nikazikuta zote mbili zinawaka. Njia ya tatu ni kuweka kiganja kwenye ubao wa ukingo karibu na tezi. Rafadha, lile panga la chini ya maji linalosukuma meli, ikizunguka, mkono utakwambia.

Hilo linanileta kwenye vyumba, maana injini ya usiku kucha inabadilisha hesabu. Vya tezi, sitaha ya chini kabisa, ndivyo vya bei nafuu, na ndivyo vyenye mtikisiko wa injini na jenereta. Vya omo vina mnyororo wa nanga. Ukiachiwa alfajiri utadhani ukuta unabomoka. Chukua cha katikati, sitaha ya pili kutoka chini ikiwezekana, ambako meli inayumba kidogo zaidi. Kwenye meli ya matanga ya kweli ungefikiria pia upande utakaolalia meli, lakini kwa ratiba hii usijisumbue.

Bandari zenyewe sina ugomvi nazo. Udogo wa meli unasaidia sana. Dubrovnik meli kubwa hufunga bandari ya Gruž, na kutoka huko ni mwendo wa basi. Sisi tulitia nanga mbele ya kisiwa cha Lokrum, boti zikatushusha Bandari ya Zamani, chini ya ukuta kabisa. Panda ukutani mlango unapofunguliwa tu asubuhi. Mzunguko ni karibu kilometa 2, mtu anakwenda upande mmoja tu bila kurudi nyuma, na kivuli hakuna. Venice nako, tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita mbele ya uwanja wa San Marco na mfereji wa Giudecca. Meli ndogo kama hii haiguswi na marufuku hiyo. Kotor nayo huingii ila kwa kupita mlango wa Verige, ambao sehemu yake nyembamba kabisa haifiki mita 350, milima imesimama pande zote na upepo unaanguka kutoka juu bila taarifa. Kuingia pale kwa injini simlaumu mtu.

Ila Korčula ndiyo iliyonichoma moyo. Mji ule wa kale umejengwa kwa kuufikiria upepo. Mtaa mkubwa umekaa mgongoni mwa rasi, na vichochoro vimetoka pande mbili kama mifupa ya samaki. Vya magharibi vimenyooka, ili maestral uingie na kupooza nyumba wakati wa joto. Vya mashariki vimepindishwa kidogo, ili bura, ule upepo mkali wa baridi unaoshuka kutoka milimani, upungue nguvu kabla ya kufika mlangoni kwa mtu. Wajenzi wa karne za kati waliujua upepo kiasi hicho. Alasiri ile nilisimama kwenye kichochoro kimoja cha magharibi, maestral unapita umejaa, safi, wa kutosha kuendesha meli yoyote. Meli yetu iko palepale gatini, matanga yamekunjwa na kufunikwa, inasubiri giza na utulivu ili iwashe injini.

Wakati huo nilikwisha kuandika kichwani maneno makali kuliko haya. Nilitaka kuwaambia watu wasiikaribie meli hii kabisa.

Halafu jugo ukaja. Huu ni upepo wa kusini-mashariki, wa joto na unyevu, unaleta mawingu mazito na mawimbi marefu, na tofauti na bura haurukii ghafla. Unajijenga kwa siku mbili au tatu. Ghuba ya mji wa Hvar imefungukia kusini. Mawimbi ya jugo yanaingia mpaka ndani, na kushusha wazee kwenye boti ndogo huku ngazi inapanda na kushuka mita nzima ni kuvunja watu miguu. Nahodha akatangaza mwenyewe kwamba Hvar haitawezekana na tunakwenda moja kwa moja Rovinj. Abiria wengi walikasirika, wengine wakadai warudishiwe pesa. Na hapo ndipo alipozima injini.

Hakuna muziki uliopigwa. Mabaharia walipanda, wakafungua ya mraba moja baada ya nyingine kuanzia chini, wakaelekeza foromali, wakavuta demani mpaka kitambaa kikakaza. Upepo ulikuwa nyuma, ubavuni kidogo, mahali hasa panapoyafaa matanga yale. Meli ikalala nyuzi chache, ikatulia, na mtikisiko wa siku zote ukaisha miguuni. Nilisikia maji yanapita ubavuni na makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, yakilia juu. Usiku niliinua macho mlingotini: taa zile mbili nyeupe zimezimwa, zimebaki nyekundu na kijani chini na ile ya tezi. Zaidi ya maili 150 za baharini ziko mbele yetu, na sehemu kubwa tuliipita hivyo, mpaka upepo ulipoanza kugeuka na mvua ikanyesha.

Sasa niipe meli hii alama gani? Kwa usiku ule peke yake ningeipa zote. Meli inaweza, mabaharia wanaweza, nahodha anapenda kazi yake. Hilo ndilo linalozidisha hasira. Kama vingekuwa vyombo vya maonyesho tu, vyenye matanga ya kuchorwa, ningesema nimetapeliwa na yakaisha. Lakini kitu hiki kina uhai, na ofisi imekifunga kwa ratiba. Niliwaandikia baadaye, nikawaomba waniambie kutoka daftari la safari ni saa ngapi tulikwenda bila injini. Hawakujibu swali. Walinitumia punguzo la bei kwa safari ijayo na salamu za yule msimamizi wa shughuli za abiria.

Anayetaka kwenda, achukue safari inayoshuka: Venice kwenda Dubrovnik au Corfu, ili maestral awe mgongoni. Kabla ya kulipa, dai ratiba yenye saa za kuondoka na kufika, upime umbali kwenye ramani ya bahari, ugawanye. Ikitoka zaidi ya maili 8 kwa saa kila usiku, ni injini, wakuambie wapendavyo. Siku nzima ya kuwa baharini mchana ni jambo zuri, usiikimbie. Ndiyo siku pekee ambayo upepo na meli vinakutana. Na kama unachokitaka ni matanga kuliko miji, Julai na Agosti nenda visiwa vya Cyclades upande wa Ugiriki, ambako meltemi kutoka kaskazini unavuma kwa nguvu, mara nyingi mchana na usiku.

Kwa wenye pasipoti zetu za Afrika Mashariki kuna jambo ambalo kampuni ililiweka kwa maandishi madogo: Ugiriki, Italia na, tangu tarehe 1 Januari 2023, Kroatia zote zimo Schengen, eneo la Ulaya linalotumia viza moja, lakini Montenegro, yenye Kotor, haimo. Meli ikifika Kotor umekwisha kutoka, na Dubrovnik unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja inaishia hapo. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe ratiba yenye Kotor ndani yake ili ubalozi uone sababu.

Lile punguzo bado ninalo. Nikihakikishiwa kwamba nahodha ni yuleyule na safari inaanzia Venice, nitalitumia. Kwa kupanda tena kwenda kaskazini, hata wanichukue bure, siendi.