Saiba za Malindi na usajili wa TSC: nzuri kwa karatasi, zichungwe kwenye akaunti

Mwalimu anayetoka chuoni leo hapa Malindi, safari yake ya kutafuta kazi huanzia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, iwe shule ya serikali au ya binafsi, na usajili wenyewe hufanyiwa mtandaoni.

Kwa kuskani na kuprinti, saiba nyingi za Barabara ya Lamu tunazipa alama za juu. Zina skana ya kulaza karatasi, na hilo ni muhimu, kwani cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kikipigwa picha kwa simu hutoka na kivuli cha mkono na gredi hazisomeki. Dai kila stakabadhi iwe PDF yake: kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), KCSE, cheti cha chuo, transkripti zote, picha ya pasipoti, fomu ya afya ya GP 69 iliyojazwa na kupigwa muhuri na daktari, na cheti cha maadili mema cha polisi. Ada ya TSC ni shilingi 1,055, ya cheti cha polisi 1,050. Kinachozidi hapo ni cha saiba, na kitajwe kabla kazi haijaanza.

Fomu ya C24, ya alama za vidole kwa ajili ya cheti cha polisi, huwasumbua wengi. Lazima iprintiwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Mhudumu mwenye haraka hutoa karatasi mbili akazipiga pini, na ukifika kwenye foleni ya vidole unarudishwa. Igeuze uitazame kabla hujaondoka kaunta.

Zito zaidi ni majina. Huku kwetu Pwani mtu ni Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye KCSE, na cheti cha chuo kimeliacha jina la babu. Mhudumu mzuri huliona mapema na kukuambia upate hati ya kiapo kwa wakili. Yule mbaya hujaza jina la kitambulisho, akatuma, na ombi likakwama bila wewe kujua kwa nini.

Kwenye barua pepe ndipo tunapozinyima alama kabisa. Baadhi hufungua akaunti ya mteja kwa anwani na laini ya simu ya saiba. Nafasi zinapotangazwa, siku za kutuma maombi ni chache, na paswadi iko kwa kijana aliyekwisha kuacha kazi pale. Huo ni uzembe unaomgharimu mtu mwaka mzima. Nenda na barua pepe yako iliyofunguliwa kwa laini yako, na paswadi uichape mwenyewe.

Saiba inayokuahidi kazi ya TSC, toka. Namba ya TSC unayopewa ukisajiliwa ni ruhusa ya kufundisha tu. Ajira hutangazwa kando na huombwa upya. Wengi huingia kwa uanagenzi, ambao kwa sekondari msingi (JSS) posho yake ni shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wanagenzi 46,000 wa JSS walioajiriwa kwa kudumu Januari 2025 walipitia mlango huo. Wengine hufundisha kwa mkataba wa BOM, bodi ya shule, wakisubiri tangazo.

Kabla ya kulipa, mhudumu akutumie PDF zote kwenye barua pepe yako, uzifungue mojamoja papo hapo. Zitahitajika tena tangazo likitoka, na usiku huo saiba zitakuwa zimejaa.