Uzoefu wangu: miguu ya umeme ya kukunja kwenye Lancaster ya mita 2.59, Mombasa

Seti hii ya miguu ya kutulia ya ndege za mfano ina miguu miwili mikuu (mmoja kila bawa, kila mmoja una nguzo mbili na mota yake), kidhibiti kimoja cha kuwasha na kukata mota, na nyaya za sentimita 60, na imeandikwa kuwa inabeba ndege ya hadi kilo 12. Nimeifunga kwenye mfano wa Lancaster, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu yenye injini nne, wa kipimo cha 1 kwa 12, yenye kilo 9.8 pamoja na betri, na imeshatua mara 34. Mashine yenyewe ni nzuri, na ningeinunua tena. Ila ukiitoa kwenye boksi na kuifunga vile kijikaratasi chake kinavyosema, mguu mmoja utakugomea hewani, na kwa hewa yetu ya chumvi hautachelewa.

Lancaster halisi ina mita 31.09 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, ndiyo maana mfano unatoka mita 2.59. Propela yake ya futi 13 inakuwa inchi 13 kamili, saizi ya kawaida kabisa, na hilo peke yake linatosha kukifanya kipimo hiki kipendeze. Kila upande una miguu pacha, gurudumu limekaa katikati, na vyote hukunjwa kurudi nyuma ndani ya ganda la injini ya ndani. Gurudumu la mkia halikunjwi. Seti nyingi za bei nafuu zina mguu mmoja kila upande na ndege ikisimama inaonekana ya uongo hata ukiwa mbali. Hii imefuata pacha, na shokabu zake zina springi ya kweli ndani.

Sasa kasoro kubwa. Kidhibiti hakijui mguu umefika wapi. Kinachopima ni umeme: mota ikikwama mwisho wa safari, umeme unapanda, nacho kinakata. Mguu ukikwama katikati kwa sababu yoyote, kidhibiti kinadhani kazi imekwisha na kinakata vilevile, na mguu unabaki umening'inia nusu. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuondoa kila kinachoweza kuukwaza. Mara nyingi chanzo ni fremu ya alumini kupinda kidogo wakati wa kukaza bolti, kwa sababu mbao mbili zinazoibeba haziko sawa. Nywele moja ya tofauti inatosha kuifanya bawaba ibane. Funga bolti nne kwa vidole tu, endesha mguu juu na chini mara kumi, halafu kaza kila bolti robo mzunguko huku ukisikiliza mota. Mlio ukizama, legeza na uweke kipande cha bati la soda chini ya kona hiyo. Bolti za ekseli zikazwe mwisho kabisa, gurudumu likiwa mahali pake, la sivyo miguu pacha itavutana.

Kujaribu mezani peke yake hakutoshi. Kwa kuwa miguu inakunjwa kurudi nyuma, upepo unaisaidia kupanda na kuipinga kushuka. Utagomewa wakati wa kushusha, yaani wakati unapoihitaji. Kopa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, ifunge kwenye ekseli, vuta kuelekea mkiani kwa gramu 500 huku mguu ukishuka, na usilegeze mpaka usikie pini ya kufunga mguu ikiingia. Mguu wangu wa kushoto ulikatiza kwenye gramu 350. Kusafisha bawaba na kunyoosha mbao kuliupandisha hadi 800, na haujagoma tena.

Mbao zenyewe: nimetumia mvule wa milimita 12 kwa 20, mbili kila ganda, zimepenya fremu mbili za plaiwudi ya milimita 6 na kugandishwa kwa epoksi hadi kwenye boriti kuu ya bawa. Skrubu za mbao zilizokuja na seti usizitumie. Toboa, weka bolti za M4 (unene wa milimita 4) na nati za meno upande wa pili. Pia tazama pini ya kufunga mguu. Shimo au kichaka cha nyasi hulisukuma gurudumu nyuma, upande uleule mguu unaokunjikia, kwa hiyo pigo lote linaishia kwenye pini hiyo. Seti ikiwa mpya, ekseli ilicheza milimita 4. Baada ya kutua mara 30 ikafika 7. Fundi wa kukereza vyuma alinitengenezea pini za chuma kigumu za milimita 5, na mchezo umerudi 2. Agiza hizo mapema, usingoje zile za kiwandani zilike.

Jambo ambalo kijikaratasi hakiligusi kabisa ni mizania. Mguu mmoja na gurudumu lake ni gramu 420, na ukikunjwa uzito wake unahama takriban milimita 180 kwenda nyuma. Gramu 840 mara 180, gawanya kwa 9,800: kitovu cha uzito kinarudi milimita 15. Upana wa wastani wa bawa hili ni milimita 323, kwa hiyo ni karibu asilimia 5. Ukiipima ndege magurudumu yakiwa chini ikakaa sawa, ukishayakunja itakuwa nzito mkiani na itatafuta kuinua pua. Pima miguu ikiwa imekunjwa, geuza ndege mgongo chini kama ni lazima, na usogeze betri mbele mpaka itulie hivyo.

Milango ya maganda haihitaji sevo (mota ndogo ya kuvuta na kusukuma) wala kisanduku cha kupanga zamu ya milango na miguu. Kwenye Lancaster milango huvutwa na miguu yenyewe na hubaki wazi magurudumu yakiwa chini. Waya wa milimita 1.5 kutoka kila mguu na springi nyepesi vinatosha. Acha milimita 4 kati ya tairi na mlango, maana tairi likizunguka kwa kasi baada ya kuruka hupanuka.

Umeme: usiuchukue kwenye betri ya kipokezi, kile kinachopokea amri za rimoti. Mota mbili zikikwama pamoja zinavuta ampea kadhaa, volti zinaanguka na kipokezi kinaweza kuzimika. Miguu nimeipa betri yake yenyewe ya LiFe (aina ya lithiamu) ya seli mbili, volti 6.6, na miguu inakunjwa kwa sekunde 8. Polepole hivyo inapendeza kuliko ile ya kuruka kama mtego wa panya.

Chumvi nayo. Skrubu za kiwandani zilishika kutu ndani ya wiki tatu. Nikaweka za chuma kisichoshika kutu, lakini hizo zikigusana na alumini penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na skrubu inaganda humo. Kila uzi uupake Loctite ya buluu, gundi ya kushikilia skrubu, kabla ya kukaza. Skrubu ndefu inayosukuma mguu usiipake grisi nzito. Vumbi la matumbawe la viwanja vyetu linashika humo na kuwa msasa. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, futa, basi. Ukirudi nyumbani pangusa miguu kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, ndipo uhifadhi.

Wanaouliza kuhusu miguu inayosukumwa na hewa ya tangi badala ya mota: inafanya kazi, lakini hewa ya pwani ukiijaza kwenye tangi inaacha maji, na maji yanafika kwenye vali. Kwa Mombasa nakaa na umeme.

Pa kurushia, tafuta uwanja wa bara upande wa kaskazini wenye mita 100 za kukimbilia, ruhusa ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) ikiwa mkononi. Changamwe na Port Reitz ziko mlangoni mwa Uwanja wa Ndege wa Moi, huko usithubutu. Msimu wa kusi rusha asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa ubavuni ukishapata nguvu unaipinda miguu pacha kwa pembeni, na shokabu hazikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Kwa ubora nampa mtengenezaji nne kwa tano, kwa maelekezo moja. Ukiagiza, ongeza mota moja ya akiba na kidhibiti cha pili. Vyote viwili ni vyepesi na vinasafiri kwenye kifurushi kilekile.