Fandesheni kwa ngozi ya mafuta: ipi ununue kwanza

Kwenye joto na unyevunyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, mekapu ya mwenye ngozi ya mafuta huharibika kwa sababu ya unene wa tabaka lake. Mafuta hutoka chini ya tabaka, hulisukuma, nalo hukusanyika pembeni mwa pua na kidevuni. Ndiyo maana tumepanga kwa wepesi, si kwa bei.

1. Fandesheni ya maji isiyong'aa. Chupa ya mililita 30 hudumu miezi kadhaa. Soma jina lote: Maybelline Fit Me, kwa mfano, huja kama Matte + Poreless na kama Dewy + Smooth. Chupa zinafanana, lakini hiyo ya pili ni ya ngozi kavu, nawe utang'aa kabla ya saa sita mchana.

Jaribu rangi kwenye taya, si mkononi. Toka nje juani, subiri dakika 15 hadi 20. Fandesheni nyingi hukolea zikikutana na mafuta ya ngozi. Iliyokufaa dukani hugeuka rangi ya matofali nyumbani. Ukisita kati ya mbili na umeona inakolea, chukua iliyo nyepesi kidogo.

Kiasi cha punje ya harage kinatosha uso mzima. Anzia katikati, gonga kwa sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa, ukielekea nje. Palipo safi paache wazi. Hapo ndipo uso unapoonekana wako.

2. Poda iliyobanwa yenye rangi. Juu ya losheni ya kukinga jua iliyokauka, inatosha peke yake kwa siku za kazi. Kosa la kawaida ni kuipaka juu ya mafuta: inashika mabaka. Bonyeza tishu kwanza bila kusugua, halafu poda.

3. Losheni ya kukinga jua yenye rangi. Nyepesi kuliko zote, na ingekuwa ya kwanza, lakini rangi za ngozi nyeusi ni chache na nyingi huacha ukijivu. Ukipata inayokufaa, ipandishe hadi namba moja.

4. Stiki na krimu za kopo. Zina nta na mafuta mengi. Zinafaa kufunika kovu la chunusi tu.

Poda ya kumalizia iwe na rangi; ile nyeupe hutoka kama majivu kwenye picha za flashi. Ipake paji la uso, pua na kidevu, basi. Praima, ile inayopakwa kabla ya fandesheni, nunua mwisho, fedha ikibaki.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo kwenye boksi na kwenye chupa: zisipolingana, rudisha. Tazama pia alama ya kikopo kilichofunguliwa. 12M ni miezi 12 tangu ufungue. Muuzaji akikukataza kujaribu rangi, mwombe akutilie tone kwenye kijimfuko, ukalijaribu nyumbani.